Ngano Inapokimbizwa na Joto

Msomaji mmoja ameuliza swali ambalo nalinukuu kwa ufupi: "Nimesoma mara nyingi kwamba kila digrii moja ya joto inayoongezeka duniani hupunguza mavuno ya ngano kwa asilimia 6 hivi. Mbona basi dunia imekwisha kupata zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19, na ngano inayovunwa siku hizi ni nyingi kupita ile ya zamani? Tena ngano ni mmea unaopenda jua. Joto huidhuru kwa njia gani hasa, na je, hewa ukaa iliyoongezeka pamoja na nchi za baridi zinazoanza kupata joto havitafidia hasara hiyo?"

Ndugu msomaji, takwimu uliyoisoma ni sahihi, na hoja uliyoitoa dhidi yake nayo ni ya kweli. Mambo hayo mawili hayapingani, kama nitakavyoeleza. Lakini sipendi kuanza na asilimia, kwa sababu asilimia hiyo ni wastani wa mashamba ya dunia nzima, na mtu anayeishika peke yake, bila kujua kinachotokea ndani ya mmea, atashindwa kueleza kwa nini digrii hiyo hiyo moja humtoa mkulima mmoja mikono mitupu na kumwacha mwingine na ghala lililojaa. Nianze basi na mmea wenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba joto huidhuru ngano kwa kuiunguza, na ni kweli kwamba majani huungua joto linapozidi sana. Hata hivyo sehemu kubwa ya hasara hutokea katika hali ambayo mpita njia haoni dalili yoyote ya maradhi shambani: ngano imesimama, masuke yametoka, shamba zima limegeuka rangi ya dhahabu, ila limegeuka mapema mno. Ukiyapukuchua masuke hayo kiganjani ndipo unapoona punje nyembamba, zilizosinyaa, zenye ngozi nyingi na unga kidogo. Joto huinyang'anya ngano muda, na hilo ndilo ningependa ulikumbuke unapoendelea kusoma, kwa kuwa mengi ya yanayofuata yanatokana nalo.

Ngano haihesabu siku kama tunavyozihesabu sisi kwenye kalenda. Inahesabu joto. Toka kuota hadi kutoa machipukizi, toka machipukizi hadi kuchomoza suke, toka kuchanua hadi punje kukomaa, kila hatua hudai kiasi fulani cha joto kilichojumlishwa siku baada ya siku, na wataalamu hukipata kwa kuchukua wastani wa joto la kila siku na kuujumlisha na wastani wa siku zilizotangulia. Urefu wa mchana na baridi ya mwanzo wa msimu vina sehemu yake pia, lakini baada ya ngano kuchanua, joto ndilo linaloshika usukani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba aina fulani ya ngano inahitaji jumla ya digrii 700 tangu kuchanua hadi kukomaa. Wastani wa siku ukiwa digrii 16 za Selsiasi, jumla hiyo hufikiwa kwa siku 44 hivi; ukiwa digrii 18, hufikiwa kwa siku 39; ukiwa digrii 20, kwa siku 35 tu. Mkulima hajapungukiwa na maji, hajapungukiwa na mbolea, wala hakuna mdudu aliyeligusa shamba lake, lakini siku tisa za kujaza punje zimetoweka, na hizo ni siku za nuru ambayo majani yangeipokea na kuigeuza kuwa wanga.

Unaweza kuuliza kama punje haiwezi kujaa kwa kasi zaidi na hivyo kulipia siku zilizopotea. Inaweza, kwa kiasi kidogo, na katika mazingira ya baridi malipo hayo hukaribia kutosha. Lakini mahali ngano inapojisikia vizuri zaidi wakati wa kujaza punje ni kati ya digrii 15 na 20, na tukishapita hapo kasi inayoongezeka haiendi sambamba na siku zinazopungua. Ndani ya punje kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia za mmea, vinavyounganisha sukari iliyoletwa kutoka kwenye majani na kuifanya wanga, na kimoja wapo hudhoofika mara joto linapopita digrii 25 hivi, kiasi kwamba sukari inaweza kuwapo kwenye bua na punje ikashindwa kuitumia. Majaribio mengi yamekadiria kwamba uzito wa punje hupungua kwa asilimia 3 hadi 5 kwa kila digrii moja juu ya 15 katika kipindi hiki.

Upande wa majani nao una udhaifu wake, na hapa ndipo dhana ya "mmea unaopenda jua" inapohitaji kusahihishwa kidogo. Ngano hupenda nuru, si joto, na vitu hivyo viwili, ingawa kwa kawaida huja pamoja, kwa mmea ni tofauti kabisa. Kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kuikamata hewa ukaa ili ijengwe kuwa sukari, hukosea mara kwa mara kwa kuikamata oksijeni badala yake, na joto linavyopanda makosa hayo huongezeka, na mmea hulazimika kutumia nguvu nyingi kuyarekebisha. Mahindi na mtama vina mbinu ya kuikusanya hewa ukaa karibu na kimeng'enya hicho ili kisikosee. Ngano, kama mpunga, haina mbinu hiyo. Si ajabu basi kwamba katika nchi za joto ngano hulimwa majira ya baridi au kwenye miinuko, na kwamba rekodi za mavuno makubwa kwa hekta moja, zaidi ya tani 17, zimewekwa New Zealand na Uingereza, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu na wenye nuru nyingi, lakini hewa ni ya ubaridi.

Kuna kipindi kingine cha hatari, kifupi kuliko hicho lakini kikali zaidi, nacho huanza takriban wiki mbili kabla ya kuchanua na kuishia siku chache baada yake. Katika siku hizo chavua inaundwa, inakomaa na kurutubisha ovari, yote ndani ya ua dogo ambalo kwa sehemu kubwa hujirutubisha lenyewe. Joto likipita digrii 30 wakati huo, hata kwa siku mbili tatu, chavua nyingi huwa tasa, na kila ua lisilorutubishwa ni punje ambayo haitakuwapo. Hasara hii haina marekebisho. Mvua ikija baadaye, ubaridi ukirudi, mbolea ikiongezwa, punje zilizopo zinaweza kunenepa kidogo zaidi, lakini zile ambazo hazikutungwa haziwezi kurudi. Ndiyo maana wakati mwingine utaona, wiki kadhaa baada ya joto kali, masuke yaliyosimama wima pale ambapo yalipaswa kuinama kwa uzito.

Kwa hiyo shamba mbili zilizopitia msimu wenye wastani ule ule wa joto zinaweza kutofautiana sana katika mavuno. Moja ilipata joto lake ngano ikiwa bado majani matupu, nyingine ililipata katika wiki ya kuchanua. Wastani wa msimu haulioni jambo hilo, na nadhani hapa ndipo mijadala mingi ya hadharani kuhusu tabianchi na chakula inapopotea njia.

Usiku nao una sehemu yake, na mara nyingi husahaulika kwa kuwa hakuna anayeogopa joto la usiku kwa ajili ya mimea. Gizani ngano haitengenezi sukari; inapumua tu, yaani inachoma sehemu ya ilichotengeneza mchana ili kujiendesha, na usiku wenye joto huichoma zaidi. Pia joto la usiku linaingia katika ile hesabu ya jumla niliyoieleza, kwa hiyo huifupisha hatua ya kukua bila kuongeza hata saa moja ya nuru. Mfano mzuri unatoka katika bonde la Yaqui, kaskazini magharibi mwa Meksiko, ambako ngano hulimwa kwa umwagiliaji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mavuno ya huko yalipanda kwa takriban robo, na ilikuwa rahisi kusema kwamba sifa zote ni za mbegu bora na mbolea. Watafiti walipochambua kumbukumbu za hali ya hewa waligundua kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na usiku wa miezi ya kujaza punje kuwa wa baridi zaidi kuliko hapo awali. Bonde hilo lilipewa kwa bahati kile ambacho sehemu nyingi za dunia sasa zinapokonywa, kwa kuwa kwa jumla usiku umekuwa ukipata joto kwa kasi kuliko mchana.

Sasa turudi kwenye asilimia 6. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha kazi iliyokusanya programu 30 tofauti za kompyuta zinazoigiza ukuaji wa ngano, na kabla ya kuziamini walizipima kwa majaribio ya shambani. Jaribio muhimu kuliko yote lilifanyika Maricopa, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako kwa miaka miwili ngano ya aina moja ilipandwa kila baada ya wiki sita hivi, bila kujali majira, na baadhi ya vitalu vikaongezewa joto kwa vifaa maalumu vya kupasha joto, hata ngano hiyo ikapitia misimu yenye wastani wa kuanzia digrii 15 hadi 32. Programu moja moja zilikosea huku na huku, lakini wastani wa zote ulikaribia kile kilichovunwa, na makadirio yaliyotokana nao yakawa kwamba mavuno ya dunia hupungua kwa asilimia 6 kwa kila digrii moja inayoongezeka. Kwa mavuno ya tani milioni 700, hizo ni tani milioni 42. Baadaye wengine walitumia njia tofauti kabisa, zikiwamo za takwimu za mavuno halisi ya miaka mingi, wakafikia majibu ya kati ya asilimia 4 na 6 na ushee. Njia ambazo hazitegemeani zinapofika karibu na mahali pamoja, mtafiti ana haki ya kuanza kuliamini jibu, nami naliamini.

Lakini ona kinachotokea unapoufungua wastani huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba digrii moja hugharimu asilimia 9 hivi ya ngano ya India, na chini ya asilimia 3 ya ngano ya China. Sababu ni mahali pa kuanzia. Ngano ya nyanda za kaskazini mwa India hupandwa Novemba, hujaza punje Februari na Machi, na huvunwa Aprili, wakati joto la kiangazi limekwisha kugonga mlango. Haina nafasi ya kusogea. Watafiti walioitazama ngano hiyo kwa setilaiti kwa miaka tisa, wakifuatilia jinsi ukijani unavyofifia, waliona kwamba siku zinazopita digrii 34 huharakisha kukauka kwa majani kuliko programu nyingi zilivyokuwa zikitabiri. Mwaka 2022 jambo hilo lilijionyesha wazi: Machi ya mwaka huo ilikuwa na joto kuliko Machi yoyote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa India mwaka 1901, makadirio ya serikali ya mavuno yakashushwa kutoka tani milioni 111 hadi 106 hivi, na tarehe 13 Mei nchi hiyo ikazuia ngano kuuzwa nje. Hapakuwa na ukame wa kusimulia, na mashamba mengi yalikuwa ya kumwagilia. Kilichokosekana ni wiki mbili tatu za ubaridi mwishoni mwa msimu.

Na kuhusu hoja yako kwamba mavuno yameongezeka badala ya kupungua: yameongezeka kweli, na kwa wingi. Mwaka 1961 dunia ilivuna tani milioni 222 hivi za ngano, wastani wa takriban tani moja na kidogo kwa hekta. Siku hizi inavuna karibu tani milioni 800, zaidi ya tani tatu na nusu kwa hekta, katika eneo ambalo halikuongezeka sana. Ongezeko hilo limetoka kwenye mbegu za ngano ya bua fupi isiyoanguka, ambazo Norman Borlaug, mtaalamu wa kilimo kutoka Marekani, na wenzake walizizalisha Meksiko na zilizomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, pamoja na mbolea ya naitrojeni, umwagiliaji na dawa za magonjwa. Asilimia 6 haisemi kwamba mavuno yatakuwa madogo kuliko ya jana. Inasema yatakuwa madogo kuliko ambavyo yangekuwa laiti joto lisingepanda. Ni hasara inayolinganishwa na kile ambacho hakikutokea, na hasara ya namna hiyo ni ngumu kuiona kwa macho. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1980 na 2008 mabadiliko ya tabianchi yalikwisha kupunguza mavuno ya ngano duniani kwa asilimia 5.5 hivi, katika kipindi kile kile ambacho jumla yake ilikuwa ikipanda.

Australia ndiyo iliyonifanya mimi binafsi nilielewe jambo hili kwa uzito wake. Wakulima wa huko ni hodari, na kuanzia mwaka 1990 waliendelea kuboresha mbegu, kuacha kulima ardhi bila sababu ili kutunza unyevu, na kupangilia mbolea kwa uangalifu. Pamoja na hayo yote mavuno yao kwa hekta yalisimama pale pale. Watafiti walipokokotoa kiwango ambacho mvua na joto vingeruhusu kwa mkulima asiyefanya kosa lolote, walikuta kiwango hicho kimeshuka kwa asilimia 27 kati ya mwaka 1990 na 2015, sehemu kubwa kwa mvua kupungua na iliyobaki kwa joto. Wakulima walikuwa wakipanda ngazi ambayo nayo ilikuwa ikizama ardhini. Ustadi wao wa miaka 25 ulitumika kubaki walipokuwa.

Mfano huo unanileta kwenye maji, kwa kuwa shambani joto na ukame haviachani kwa urahisi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kila digrii moja huongeza uwezo wake kwa asilimia 7 hivi, na mvuke usipotoka baharini au mawinguni, hewa huunyonya kutoka kwenye udongo na majani. Ngano ikiwa na maji ya kutosha hujipoza yenyewe kwa kutoa mvuke kupitia vitundu vya majani, na inaweza kuwa na ubaridi wa digrii kadhaa chini ya hewa inayoizunguka. Maji yakikwisha, vitundu hufungwa, upozaji husimama, na jani hupanda joto kupita hewa. Kwa hiyo kipimajoto kile kile kinachosoma digrii 32 kinaweza kuwa na maana mbili tofauti kwa shamba lililomwagiliwa na lile lililo kavu. Urusi mwaka 2010 ilipata yote mawili kwa pamoja, joto na ukame wa wiki nyingi, na ngano yake ikaporomoka kutoka karibu tani milioni 62 mwaka uliotangulia hadi tani milioni 41 na nusu. Kuanzia tarehe 15 Agosti serikali ilizuia nafaka kuuzwa nje, na bei ya ngano ikapanda katika nchi nyingi zilizokuwa zikiitegemea.

Umeuliza juu ya hewa ukaa, na ni swali la haki, kwa sababu hewa hiyo ni chakula cha mmea. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika milioni moja za hewa. Sasa imepita 420. Majaribio yaliyopuliza hewa ukaa juu ya mashamba ya wazi hadi kufikia sehemu 550 hivi yameonyesha ngano ikiongeza mavuno kwa asilimia 10 hadi 20, kwa kuwa rubisko hukosea mara chache zaidi na vitundu vya majani vinaweza kufunguka kidogo tu bila mmea kukosa chakula, na hivyo maji kuokolewa. Hilo ni fidia ya kweli, nami sitalidharau. Lakini lina masharti. Linahitaji naitrojeni ya kutosha. Halisaidii kitu wiki ya chavua kuwa tasa. Na vitundu vinavyofunguka kidogo hupunguza upozaji, hivyo jani lenyewe hupata joto zaidi. Kuna pia suala la lishe. Ngano iliyokuzwa katika hewa ukaa ya kiwango hicho imeonekana kuwa na protini pungufu kwa asilimia 6 hivi, zinki pungufu kwa asilimia 9 na chuma pungufu kwa asilimia 5. Kwa mtu anayekula vyakula vya aina nyingi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mamilioni ambao ngano ndiyo mlo wa kila siku, na ambao tayari wana upungufu wa madini hayo, si ndogo. Joto lenyewe, kwa upande wake, hupunguza wanga kuliko protini, hivyo asilimia ya protini katika punje iliyosinyaa inaweza kuonekana imepanda, ila uwiano wa protini zinazounda gluteni, ule mnato unaoshikilia unga uliokandwa, huvurugika na unga hutoa kinyunga dhaifu kisichoshika hewa vizuri.

Nchi za baridi zitanufaika kwa sehemu. Katika baadhi ya maeneo ya Canada na Siberia msimu wa kilimo unarefuka, na ngano inaweza kupandwa mahali ambapo zamani baridi iliikataa. Kinachonizuia kulichukua hilo kuwa jibu ni mambo mawili. Kwanza udongo hauhami pamoja na joto: udongo mweusi wenye rutuba wa Ukraine na Urusi ya kusini ulichukua maelfu ya miaka kujengeka chini ya nyasi, na ule wa misitu ya kaskazini ni wa asidi, mwembamba, na mara nyingi wenye maji yaliyotuama. Pili, ngano inayopandwa kabla ya majira ya baridi huhitaji wiki kadhaa za ubaridi wa kati ya digrii 0 na 10 ndipo ikubali kuchanua. Majira ya baridi yakiwa ya vuguvugu, ratiba hiyo huvurugika, na ngano inayoamka mapema hukutwa na jalidi ya mwisho ikiwa tayari imenyanyua suke. Ufaransa, yenye mashamba ya ngano yaliyo miongoni mwa bora duniani, mwaka 2016 ilipoteza zaidi ya robo ya mavuno yake bila joto kali la kiangazi: mwisho wa vuli ulikuwa na joto lisilo la kawaida, magonjwa yakapata pa kujificha, kisha mvua nyingi na mawingu ya Mei na Juni yakafuata wakati wa kuchanua. Watabiri wa mavuno walichelewa sana kuiona hasara hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitafuta mahali hapo.

Magonjwa nitayapitia kwa haraka tu, ingawa yanastahili jibu lao. Kutu ya shina ni ugonjwa wa joto, na aina yake hatari iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, Ug99, ilivunja kinga ambayo mbegu nyingi za dunia ziliitegemea. Kuvu wa blasti ya ngano, ambaye hupenda joto na unyevu wakati masuke yanapotoka, alijulikana kwanza Brazil mwaka 1985, akaonekana Bangladesh mwaka 2016 na Zambia mwaka 2018. Wadudu nao hula na kuzaana zaidi kwenye joto.

Kuhusu kinachoweza kufanywa, njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuipanda ngano mapema ili ichanue na kujaza punje kabla joto halijafika. Kaskazini mwa India wakulima wengi huchelewa kwa sababu mpunga uliotangulia bado uko shambani au mabua yake hayajaondolewa, na mashine zinazopanda ngano moja kwa moja katikati ya mabua ya mpunga, bila kulima, zimewapa siku kadhaa zenye thamani kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye kalenda. Umwagiliaji mwepesi siku za joto kali hupoza shamba kweli, pale maji yapo. Mbegu zinazokomaa haraka hukwepa joto la mwisho, lakini zinajinyima zenyewe siku za kukua, na mahali pasipo na joto kali la mwisho kinyume chake ndicho kinachofaa: mbegu ya muda mrefu zaidi, ili digrii zilizoongezeka ziirudishe tu kwenye urefu wa msimu uliozoeleka. Mkulima akishauriwa mbegu bila kwanza kuulizwa joto lake huja wiki gani, naona ushauri huo una kasoro.

Wazalishaji wa mbegu hutafuta ngano inayobaki kijani muda mrefu baada ya kuchanua, yenye mizizi inayofika maji ya chini na hivyo kujipoza, na yenye chavua inayostahimili joto. Baadhi ya sifa hizo wanazitoa kwa jamaa wa porini wa ngano, nyasi za Asia Magharibi ambazo miaka elfu nyingi iliyopita zilichangia kuizaa ngano tunayoila. Kazi hiyo ni ya polepole. Toka mbegu mbili kuchavushwa hadi aina mpya kumfikia mkulima ni miaka kumi hivi, na dunia inapata joto kwa takriban digrii 0.2 kila muongo, kwa hiyo anayechagua mbegu kwa hali ya hewa ya mwaka huu anaichagulia hali ambayo haitakuwapo. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, hulikabili tatizo hilo kwa namna nyepesi sana katika mashamba yake ya Ciudad Obregón, kwenye lile bonde la Yaqui. Mbali na vitalu vinavyopandwa Novemba na Desemba kama kawaida ya huko, hupanda vingine kwa makusudi mwishoni mwa Februari, wakati kila mkulima jirani angesema wamechelewa, ili ngano hiyo ichanue katikati ya joto la Mei na watafiti waone ni ipi kati ya mamia iliyojaza punje.